Maneno Manne ya Kiingereza

Kindu, Jumatano, 3 Oktoba 1945

Leo Sista Geneviève amenipa kaye hii, daftari la shule. Kurasa za mbele zimeliwa na mchwa, lakini zilizobaki ni nzima, na amesema niandike chochote ninachotaka. Nimeshukuru. Tangu nitoke shule ya Masista sijaandika kitu ila majina ya wasichana wa kushona na barua kwa mume wangu, na hizo barua nimeacha kuziandika.

Basi nijieleze kwanza, kama tulivyofundishwa. Mimi ni Pélagie, nina miaka ishirini na sita. Ninafundisha wasichana kushona katika chumba cha Masista. Mtoto wangu ni mmoja, Jacqueline, ana miaka mitano. Mume wangu Florentin alikuwa msaidizi wa munganga katika dispensari. Mwaka wa 1942 jeshi lilimchukua pamoja na wenzake kwenda ng'ambo, kuuguza askari katika vita ya mbali. Agosti ya mwaka jana tuliambiwa amepotea baharini. Tangu siku hiyo ninavaa nyeusi.

Sasa vita imekwisha. Waume wa wengine wanashuka treni pale gare, wake zao wanawabebea mizigo. Mimi ninapita njia ya nyuma.

Asubuhi shemeji yangu Tambwe, kaka mkubwa wa Florentin, alivuka na mtumbwi kutoka Alunguli. Analima mpunga kule, mke wake alikufa zamani, na si mtu wa maneno mengi. Alikaa mlangoni, kofia juu ya goti.

"Mama Jacqueline, mpunga tumeisha kupanda. Tukiisha kuvuna, tutaondoa kilio ya ndugu yangu. Kisha wewe na mutoto mutahamia kwangu."

Nikasema, "Ndiyo, shemeji." Ningesema nini? Njo desturi yetu: kilio kikiondolewa, mjane huolewa na ndugu wa mume. Lakini alipoondoka nilihesabu kwa vidole: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Nilimwona kama mtu anayengoja kuku anone.

5 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Wasichana wanne tu wamekuja. Tumekunja vitambaa.

9 Oktoba

Jacqueline ameniuliza kama baba yake alikuwa na ndevu. Nimesema hapana. Kisha nikakaa muda mrefu nikijaribu kuuona uso wake vizuri.

Niandike ile habari ya karatasi, maana sijawahi kuiandika.

Florentin alikuwa akituma barua kila mwezi au miezi miwili. Mwaka jana, tangu Februari, kimya. Nilimwendea mwalimu Henri wa shule ya wavulana, mtu anayejua Kifaransa kuliko wote mtaani kwetu, aniandikie barua kwa jeshi, kuuliza: mbona barua za mume wangu hazifiki? Akaiandika vizuri sana. Agosti likaja jibu, bahasha yenye mihuri mingi na jina langu juu. Ndani mlikuwa na karatasi ndogo kama kiganja, na maneno manne tu ya Kiingereza, yamepigwa kwa muhuri mwekundu. Karatasi ninayo bado. Ninayaandika herufi kwa herufi:

MAIL LOST AT SEA

Siku ile nyumba ilijaa watu. Mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, alianza kulia kabla bahasha haijafunguliwa. Mwalimu Henri alitoa kamusi yake ndogo, akatafuta, akafuta jasho, akatafuta tena. Kisha akasema: neno la kwanza ni mwanaume. La pili, amepotea. La tatu ni dogo, ni la kuunganisha tu. La nne ni bahari.

Sikumsikia mtu tena baada ya hapo.

Mwalimu Henri alitutendea mema. Alileta kuni siku zote za kilio. Alimfundisha Jacqueline sala zake. Nyumba ya dispensari iliponyang'anywa kwa sababu mwenyewe amekufa, ni yeye aliyewaomba Masista wanipe hiki chumba. Kila Jumapili ninamtaja katika sala, baada ya mama yangu.

16 Oktoba

Tambwe alikwenda kwa Padri kutaka ruhusa ya ndoa yetu. Padri akaniita. Ameuliza: "Cheti cha kifo kiko wapi?" Nikampa karatasi. Aliigeuza mbele na nyuma.

"Hii siyo cheti. Haina jina. Haina tarehe. Mimi Kiingereza sijui, ila serikali haiziki mtu bila kuandika jina lake."

Amesema ataandika Léopoldville kuuliza, na jibu litachukua miezi. Bila jibu hakuna ndoa. Nilitoka pale na furaha niliyoionea aibu, kwa sababu ilikuwa furaha ya kuahirishwa tu, kama mtoto aliyeambiwa mwalimu anaumwa.

Lakini njiani neno lile lilinishika. Haina jina. Mwaka mzima sikuona kwamba haina jina.

17 Oktoba

Sombe ilikuwa nzuri leo, majani laini ya muhogo, mawese mapya. Namshukuru Mungu kwa sombe.

27 Oktoba

Nyuzi zimekwisha. Nimekwenda kwa Hamisi, fundi cherehani anayeshona barazani karibu na gare. Watu wake ni Wangwana wa Kasongo, na yeye kabla ya vita alikaa miaka sita Tabora, kwa Waingereza. Nikajipa moyo, nikamwonyesha karatasi.

"Dada, Kiingereza yangu iko ya masikio, siyo ya macho," alisema. "Nisomee herufi."

Nikamsomea. Maneno matatu ya kwanza hayakumwambia kitu, kwa sababu niliyatamka Kifaransa. La mwisho tuliligeuza-geuza mdomoni mpaka akalipata.

"Si. Bahari wanaita *si*." Akasimamisha cherehani. "Lakini ngoja nikuambie. Pale Tabora kulikuwa karani Muingereza. Akipotewa na funguo, ama kazi ikimshinda, anashika kichwa anasema yeye iko *si*. Na bahari iko mbali, safari ya treni. Nikauliza wenzangu. Wakasema maana yake: akili imepoteza njia."

"Kwa hiyo mume wangu amepotea akili?"

"Sisemi vile. Ninasema neno iko na vyumba vingi. Na tena, akielewa kitu, anasema *ai si*, maana yake nimeona. Neno moja ama mawili, sijuwi."

Neno dogo hivyo. Kwetu kazi yake ni kukataa tu: huyu si wangu, hili si kweli.

Nimerudi na nyuzi na woga mpya. Mwaka mzima nimemlaza Florentin chini ya maji, nimezoea. Leo nimemwona anatembea katika nchi ya watu, hajui jina lake, na hakuna anayemjua kumwambia. Nimeona hilo ni baya zaidi. Kisha nimeona kwamba mtu anayetembea ni mzima, na nimeshukuru, na nimeshindwa kushona mstari mnyoofu siku nzima.

2 Novemba

Siku ya marehemu. Sista amesoma majina yote kanisani. Aliposoma la Florentin sikuitikia. Jirani yangu aliniangalia.

8 Novemba

Mvua. Mto umepanda mpaka ngazi za bandari.

12 Novemba

Kupalilia mpunga Alunguli. Tambwe alipalilia safu yake na yangu, kisha akanipa muhogo wa kuchoma. Nilikula nikimchukia kidogo. Sijui kwa nini ninaandika hivi. Muhogo ulikuwa mtamu.

21 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne Hamisi alimtuma mtu kuniambia: "Njoo na ile karatasi, haraka." Nilimkuta barazani kwake mama mmoja Mwingereza, mzee, mrefu, viatu vya kiume, mtu wa misheni ya Kiprotestanti. Ametoka Tanganyika, anangoja meli ya kushuka mto. Hamisi alikuwa anamshonea koti. Anaitwa Misi tu. Kiswahili chake ni kile cha pwani, safi kama kitabu.

Alivaa miwani, akaisoma karatasi kwa kutupa jicho tu. Mambo yaliyomshinda mwalimu Henri kwa saa nzima, yeye alitupa jicho.

"Nani alikusomea hii?"

"Mwalimu wetu."

"Alisema inasema nini?"

"Mwanaume amepotea baharini."

Akaisoma tena, polepole, kidole juu ya neno la kwanza. "Hakuna mwanaume hapa. Neno hili ni barua. Barua za posta. Barua zimepotea baharini. Uliuliza habari za barua?"

Nikakumbuka swali nililoliuliza jeshi. Mbona barua za mume wangu hazifiki? Nilikuwa nimeuliza barua, nikajibiwa barua. Nilishika nguzo ya baraza.

Lakini Hamisi alikuwa amekwisha kunitia wasiwasi, nikataka kujua yote. "Misi, na bahari hii ni ya maji, au ni bahari ya kichwa?"

Hapo alicheka kidogo, akakaa juu ya sanduku lake. "Nani amekufundisha? Ni kweli. Sisi ni watu wa kisiwa, tunaitia bahari katika kila kitu. Kijana akipata kazi melini, tunasema ameenda bahari, kama ninyi mnavyosema ameenda shule. Cha nchi ya mbali ni cha ng'ambo ya bahari. Watu wakijaa uwanjani ni bahari ya nyuso. Na asiyejua afanye nini yuko baharini, hata kama amesimama jikoni kwake. Lakini posta ya jeshi haina maneno ya mapambo. Hii ni bahari ya maji. Meli ilizamishwa, na magunia ya barua yalikuwa ndani."

"Basi mume wangu ni mzima."

Alivua miwani. "Sikusema hivyo, binti. Karatasi hii haina habari za mume wako kabisa. Haisemi amekufa, haisemi ni mzima. Usiibebeshe isichosema."

Akaifuta kwa ncha ya nguo yake. Kisha akasema, bila kunitazama: "Mimi nilikuwa na kaka, katika vita ile ya kwanza. Yeye ndiye aliyepotea baharini. Karatasi yake ilikuwa na jina lake lote, na la meli, na tarehe. Mtu akipotea, jina huandikwa."

Nilimshika mikono yote miwili. Sikujua namna nyingine ya kumshukuru. Hamisi alikuwa ameinamia koti, na sindano haikuwa na uzi.

22 Novemba

Nimevua nyeusi. Nimevaa kitenge cha kawaida kwenda kazini. Sista hakuuliza. Amenibusu shavuni.

23 Novemba

Nimekwenda kwa mwalimu Henri baada ya shule. Alikuwa anafuta ubao. Aliona nguo yangu, akaweka kitambaa chini.

Nikamwambia yote. Hakubisha hata neno moja. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakamfika kidevuni.

"Lile neno la kwanza halikuwa ndani ya kamusi yangu, Mama Pélagie. Kamusi ni ndogo. Nikaona linafanana na Kifaransa, *mâle*, maana yake mwanaume. Nikasema njo lenyewe."

"Kwa nini hukusema hujui?"

"Watu walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Mama yako alikuwa analia. Wote walikuwa wananitazama mimi. Mimi njo mwalimu."

"Umenizikia mume wangu kwa sababu ya aibu."

"Ndiyo," alisema.

Nilitaka ajitetee ili nipate kumpigia kelele. Hakujitetea. Nilikumbuka kuni zake, na nikaona sasa kwamba kila mzigo aliouleta ulikuwa na kitu kingine ndani yake. Alikuwa na shaka tangu mwanzo. Mtu mwenye shaka, anawezaje kukaa kilioni kwa mtu siku arobaini? Nimeondoka bila kuaga. Leo Mungu asiniombe nishukuru.

Jumapili, 25 Novemba

Baada ya misa, watu wakiwa bado uwanjani, mwalimu Henri alipanda ngazi za kanisa na kuomba wanyamaze. Wanafunzi wake walikuwepo, na baba zao.

"Mwaka jana nilisoma barua ya Mama Pélagie," alisema. "Ilikuwa na neno nisilolijua, na mimi nikasema ninalijua. Kilio tulichokilia, mimi njo niliyekianzisha. Kama Florentin ni mzima, sijuwi. Ninachojua ni kwamba karatasi haikusema amekufa. Mama Pélagie hana kosa, na shemeji yake hana kosa."

Mwanamke mmoja alifyonya. Kijana mmoja alicheka, baba yake akampiga kofi. Henri alishuka, watu wakampisha njia pana, kama anayebeba ugonjwa. Alipita karibu nami. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi kwa ajili ya siku hii.

Sijamsamehe. Lakini nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona, mwalimu akisema sijui mbele ya watu.

26 Novemba

Nilivuka Alunguli kumwambia Tambwe, ambaye hakuwa kanisani kwa sababu ya mafuriko madogo shambani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atasema tungoje mavuno, desturi ni desturi, mtu asiyeandika mwaka mzima amekufa tu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda mtoni, akanawa uso, akarudi akiwa bado anajipangusa uso.

"Mwaka muzima ninamuombea marehemu," alisema. "Basi. Kilio hakiondolewi. Mpunga itakatwa, tutakula, tutangoja."

"Na kama amekufa kweli, shemeji?"

"Basi tutalia mara ya pili. Kulia tunajua."

Nilipokuwa ninaondoka alinifuata mpaka mtumbwini. "Mama Jacqueline. Mimi sikutafuta bibi. Nilitaka mutoto wa ndugu yangu asilelewe na watu baki. Ulikuwa unaniangalia vibaya, na sikuwa na namna ya kukueleza."

Njia yote ya maji nilikuwa na joto usoni. Nilimwona kama anayengoja kuku anone, na yeye alikuwa anangoja nyumba ya ndugu yake isibomoke. Mungu anisamehe, na ninashukuru kwamba ameniambia mwenyewe.

4 Desemba

Mpunga umetoa masuke. Ndege wengi.

5 Desemba

Kufukuza ndege. Jacqueline anapiga debe.

6 Desemba

Ndege.

13 Desemba

Padri hana jibu.

20 Desemba

Padri hana jibu. Treni mbili wiki hii, askari sita, hakuna aliyemjua. Nimemkuta mwalimu Henri gare. Kumbe kila treni yupo, anauliza kila mwenye kofia ya jeshi: mwaka gani, kikosi gani, umemwona Florentin wa Kindu? Watu wamemzoea, wanamcheka. Hakuniona, nami sikumwita.

25 Desemba

Noeli. Tambwe ametuletea kuku. Mwalimu Henri hakuketi mahali pake pa mbele, alikaa nyuma na watoto. Jacqueline alimwona akamkimbilia, kama zamani. Sikumwita arudi.

3 Januari 1946

Nilikuwa na homa siku nne. Wasichana wangu walipokezana kuniletea uji. Sikujua wananipenda.

Jumanne, 15 Januari

Padri alituma niitwe katikati ya somo. Nilijua. Nilikwenda na mkasi mkononi, nikagundua niko nao mlangoni kwake.

Alikuwa na barua ndefu ya Kifaransa. Alinisomea: Florentin, namba yake, kikosi chake, alikuwa Ceylon, kisha Birmania, kule Asia, alilazwa kwa homa Nairobi mwezi wa kumi, ametoka hospitali, atasafirishwa kupitia Kigoma na Albertville pamoja na wengine.

Nikasema, "Padri, soma tena." Akasoma tena.

"Padri, neno la mzima liko wapi?"

"Hapa."

"Weka kidole."

Aliweka kidole. Maneno mawili mafupi. Niliyatazama mpaka Padri akatoa leso yake na kunipa. Nimejifunza kwamba mimi sitaamini tena karatasi mpaka niulize kila neno, na hata hivyo nililia juu ya hii kama mjinga.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja shule ya wavulana. Mwalimu Henri alikuwa darasani. Nilisimama mlangoni.

"Ni mzima," nilisema. "Yuko njiani."

Alikaa chini pale pale, mbele ya watoto, na chaki yake. Sijui kama huko ndiko kusamehe. Nilijua tu kwamba nikitoka kwa Padri, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia.

28 Januari

Kuvuna. Mgongo. Mpunga ni mzuri mwaka huu, Tambwe ametenga magunia mawili, anayaita ya Florentin.

Jumatano, 6 Februari

Treni ya Kongolo ilichelewa siku mbili, reli ilikuwa imekatwa na maji. Leo saa tisa imefika.

Nilikuwa na Jacqueline, na Tambwe, na Hamisi aliyefunga baraza yake. Askari walishuka. Nilimtafuta mwembamba mweusi niliyemjua. Akaja mtu wa manjano.

Manjano kweli, ngozi na macho, kama mtu aliyepakwa mawese. Baadaye amenieleza ni dawa ya malaria, walimeza kila siku kule msituni mpaka wote wakawa hivyo, Wazungu na Waafrika, na itaisha. Lakini pale sikujua. Nilimjua kwa jinsi anavyobeba mzigo bega la kushoto.

Jacqueline alikimbia kujificha nyuma ya Hamisi. Tambwe alimfikia kabla yangu; alimshika ndugu yake kiunoni kama wanapigana, na hakumwachia. Mimi nilingoja. Mtu aliyengoja miaka mitatu hashindwi na dakika tano.

Alinitazama juu ya bega la kaka yake. "Nilifikiri umeolewa," alisema. "Barua zangu zilirudi."

"Nilifikiri umekufa," nilisema.

Tukatembea nyumbani. Mzigo wake aliubeba Tambwe.

7 Februari

Amelala siku nzima. Nimeketi nikimtazama anavyopumua.

10 Februari

Polepole ninaelewa. Barua zake zilizofuata zile zilizozama aliziandikia nyumba ya dispensari. Mimi nilikuwa nimehamishwa kama mjane, karani wa posta akazirudisha zote. Alipokea kumi na moja, zimerudi bila kufunguliwa. Kwa hiyo na yeye aliniomboleza huko, kwa namna yake. Akaacha kuandika.

Sasa hasemi. Anakula, anajibu, anacheza na Jacqueline, ambaye leo amemgusa mkono kuona kama rangi inatoka. Lakini nikiuliza habari za kule, anasema, "Kulikuwa mvua," anatoka nje.

14 Februari

Nimemweleza habari ya karatasi na ya Henri. Niliogopa. Alichukua karatasi, akaisoma kwa Kiingereza kwa sauti, vizuri kuliko nilivyodhani. Akaniuliza Henri anakaa wapi siku hizi.

Nilimfuata nyuma. Henri alipomwona alisimama kama mshtakiwa. Florentin akaomba kiti.

"Mwalimu," alimwambia, "mwaka wa kwanza kule, madaktari walikuwa wananipa amri kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa nasema *yes* kwa maneno nisiyojua. Juu ya wagonjwa. Juu ya madawa. Nilikuwa naona haya. Ni Mungu tu, sikuua muntu. Sasa tufanye chai."

Wakanywa chai mpaka jua kushuka. Henri alimwuliza neno moja, halafu lingine, akaandika.

Jumapili, 24 Februari

Tumerudi sasa hivi kutoka Kibombo.

Wiki iliyopita Florentin aliniambia kwamba hakurudi na rafiki yake Louis, kijana wa Kibombo aliyechukuliwa siku moja na yeye. Walikuwa wamelala kitanda na kitanda miaka yote mitatu. Louis alikufa melini wakati wa kurudi, kwa kuhara. Mama yake, Marie-Louise, alipewa cheti, chenye jina. Florentin alisema lazima aende, na hawezi kwenda peke yake.

Tulimkuta anaanika mpunga. Ni mwanamke mdogo, mwenye mikono mikubwa. Alimwangalia Florentin, rangi yake, akaelewa ametoka wapi. Alitandika mkeka.

"Karatasi nilisomewa," alisema. "Sasa wewe niambie kwa mudomo."

Florentin alianza mwishoni, kwenye maombi ya maziko na bendera iliyomfunika. Mama akamkatiza. "Hapana. Anza asubuhi. Alikula?"

"Alikula kidogo, mama. Uji."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

"Alisema nini?"

"Alisema uji hauna chumvi."

Mama Marie-Louise akatikisa kichwa, kama anayemtambua mtu anayekuja njiani. "Alikuwa vile. Endelea."

Akaendelea. Mchana. Jioni. Alivyomshika mkono. Alivyoisha.

"Nani alimuosha?"

"Mimi, mama. Na maji ya moto. Nilimuomba mupishi wa meli."

"Na kisha?"

"Kwenye meli hakuna udongo, mama. Tulimfunga katika turubai safi, padri wa jeshi akasoma, tukamteremsha baharini. Polepole. Hatukumtupa. Mimi nilishika upande wa kichwa."

Kuku walikuja kwenye mpunga, mama yule hakuwafukuza; nikawafukuza mimi. Kisha akasema, "Anza tena asubuhi."

Florentin alimweleza mara tatu. Mara ya tatu alikuwa analia na kueleza pamoja, na mama yule alikuwa amemshika kifundo cha mguu, kama anavyoshikwa mtoto asianguke. Ndipo akasimama, akapika. Tulikula kwake wali na samaki. Alipotusindikiza gare alimwambia, "Umenifanyia kazi yangu. Umemuosha mutoto wangu."

Ndani ya treni Florentin alianza kusema. Alisema juu ya Ceylon, juu ya chai inayopandwa milimani, juu ya nyumbu waliobeba wagonjwa katika matope, juu ya askari Mwingereza aliyemfundisha kuandika jina la Jacqueline kwa herufi za mapambo. Alisema stesheni baada ya stesheni. Nami nilisikiliza kila kitu, hata nisichoelewa, na pale nisipoelewa niliuliza.

Karibu na Kindu alisinzia katikati ya neno, kichwa begani pangu. Bega lilikufa ganzi, mkono wote ukafuata. Sikusogea mpaka treni iliposimama.